Sabuni Pipani, Mbu Chumbani: Kisa cha Nyumba Moja ya Tabata

Masika yalipokwisha, wapangaji wa nyumba moja huku Tabata waligawanyika kambi mbili kwa sababu ya sabuni. Kambi ya mama mwenye nyumba ilisema sabuni inaua mbu, na wameshuhudia kwa macho yao. Kambi ya vyumba vya mbele ilisema huo ni uzushi, maana sabuni imemwagwa na usiku wanang'atwa vilevile. Niliitwa nikatazame kwa kuwa nafundisha baiolojia, na mtaani mwalimu hudhaniwa anajua kila kitu. Nilikuta kila upande una ushahidi, na ushahidi wa pande zote mbili ni wa kweli.

Ni nyumba ya kawaida ya mitaa ya nyuma: vyumba sita vinatazamana, korido katikati, uani kuna choo, bafu na sehemu ya kufulia. Maji ya bomba hayatoki kila siku, kwa hiyo watu wanahifadhi. Pipa la kwanza, la plastiki, lita 200, limekaa chini ya gata na kupokea maji ya mvua. Hayo ni ya kufulia na kupigia deki. Pipa la pili, la ukubwa uleule, hujazwa maji ya kisima kirefu ambayo wapangaji wa mbele hununua kwa jirani. Ni yale maji ya chumvi ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam anayajua, ukiogea unasugua sabuni mpaka unakata tamaa na povu halijatokea. Pembeni ya choo kuna karo lililofunikwa kwa zege lenye ufa, na bomba lake la kutolea hewa liko wazi juu. Nyuma ya ukuta kuna kiwanja kisichojengwa, chenye dimbwi ambalo masika huliacha na jua la Julai huja kulimaliza.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyeanza. Aliona viluwiluwi wa mbu wakichezacheza kwenye pipa la mvua, akamwaga humo ndoo ya maji yaliyobaki kufulia, bado yana povu la sabuni ya unga. Jioni akaniita.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hebu chungulia humo.”

Nikachungulia. Walikuwa wamelala chini ya pipa, hawajongei hata ukigonga ubavuni. Dada wa chumba cha mbele, anayefanya kazi saluni, alisikia habari hiyo, naye akakwangua kipande cha mche wa sabuni kwenye pipa la maji ya kisima. Hakufa hata mmoja. Maji yalibadilika yakawa meupe, yakaweka utando wa mabongemabonge juu, na viluwiluwi wakaendelea na shughuli zao. Kijana wa bodaboda, mpangaji wa chumba cha mwisho, akaleta kichupa cha kiuadudu cha kibaiolojia alichopewa na ndugu yake, wakaweka kwenye pipa hilohilo. Wengi walikufa, lakini kesho yake na keshokutwa mbu wapya wakaruka kutoka humohumo. Na usiku, katika vyumba vyote sita, mbu walilia masikioni kama kawaida.

Nianze na pipa la kwanza, kwa sababu ndilo lililofanikiwa na ndilo linaloelezwa vibaya zaidi.

Kinachomuua kiluwiluwi

Molekuli ya maji iliyo katikati ya pipa ina majirani pande zote, kila jirani anaivuta kidogo, na mivuto hiyo inafutana. Iliyo juu kabisa haina jirani upande wa hewani. Kwa hiyo kuongeza eneo la uso wa maji kunadai nishati, na maji yakiachwa yenyewe hujikunyata yapate uso mdogo kadiri iwezekanavyo. Ndiyo sababu tone hujiviringisha. Mvutano huo wa uso hupimwa kwa milinewtoni kwa kila mita ya ukingo. Maji safi yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi yana kama 72. Ethanoli ina kama 22. Ukiacha zebaki, ni vigumu kupata kimiminika cha kawaida kinachoyafikia maji, na mbu ameujenga utoto wake wote juu ya hiyo 72.

Kiluwiluwi anaishi majini lakini anavuta hewa ya juu. Kwa Culex na Aedes, jamii mbili za mbu wa majumbani, mwishoni mwa mwili kuna mrija wa kupumulia, na kwenye ncha ya mrija kuna vipande vidogo vitano vinavyofunguka vikigusa uso wa maji na kujifunga anapozama. Matundu ya hewa yamezungukwa na tezi zinazotoa mafuta, kwa hiyo maji hayapalowanishi mahali pale. Akifika juu, mvutano wa uso unavishika vile vipande na kuvitandaza, mrija unabaki wazi hewani, naye ananing'inia kichwa chini. Anopheles, mbu wa malaria, hana mrija. Hulala sambamba na uso wa maji, ameshikiliwa na vishada vya nywele vilivyo mgongoni. Ukitaka kujua una mbu wa aina gani kwenye ndoo, tazama anavyokaa kabla hujaitikisa.

Maelezo unayoyasikia mara nyingi ni kwamba sabuni inapunguza mvutano, maji yanashindwa kumbeba, anazama na kufa. Yanapendeza, ila hesabu haikubaliani nayo. Tuseme ncha ya mrija imeshikwa na maji kwenye mzunguko wa nusu milimita. Kwa mvutano wa 72, uso wa maji unaweza kuinua uzito wa karibu miligramu 3.7. Kiluwiluwi aliyekomaa ana miligramu chache tu, na mwili wake unayazidi maji kwa uzito kidogo sana, kwa hiyo mzigo unaobaki juu ya ule mrija ni sehemu ndogo tu ya miligramu moja. Sasa tia sabuni, mvutano ushuke hadi 30. Uso bado unaweza kuinua miligramu 1.5. Unatosha na chenji inabaki.

Kinachomuua ni kulowana. Tone la maji likikaa juu ya kitu chenye nta husimama wima, na pembe kati ya tone na kitu hicho huzidi nyuzi 90. Katika mrija mwembamba wenye kuta za namna hiyo, mvutano wa uso husukuma maji nje. Pembe ikishuka chini ya 90, mvutano uleule hugeuka ukayavuta maji ndani. Ndiyo nguvu inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Sabuni hufanya mawili kwa mpigo. Inapunguza mvutano, na inaifanya nta ikubali kulowana. Mlango uliokuwa unayakataa maji unaanza kuyanyonya. Njia za hewa za kiluwiluwi ni mirija inayogawanyika na kugawanyika hadi kufikia kila sehemu ya mwili, na mrija kadiri ulivyo mwembamba ndivyo unavyonyonya kwa nguvu zaidi. Mdudu anafurika kutoka ndani. Kuzama chini ya pipa ni matokeo, kufurika kumetangulia.

Tofauti hii ina faida ya vitendo. Kama tatizo lingekuwa kubebwa, ungetarajia viluwiluwi wadogo wapone na wakubwa tu wafe. Kwenye lile pipa la mvua walikufa wa saizi zote.

Mafuta hufuata njia hiyohiyo kwa mkato, kwa sababu mafuta ya taa yenyewe yana mvutano wa chini sana na yanapenda nta. Yakigusa ncha ya mrija yanaingia moja kwa moja, na yana sumu yake. Miji mingi ya nchi za joto ilipigana na mbu kwa kumwaga mafuta kwenye maji yaliyotuama, na huko Panama, mfereji ulipokuwa unachimbwa mwanzoni mwa karne ya 20, hiyo ilikuwa kazi ya vikosi maalumu. Wala hayahitajiki mengi. Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, katika maandishi yaliyochapishwa London mwaka 1774, alieleza jinsi kijiko cha chai cha mafuta kilivyotuliza viwimbi vya bwawa la Clapham kwenye eneo la kama nusu ekari. Gawanya mwenyewe: mililita 5 juu ya mita za mraba 2,000 ni tabaka la nanomita 2.5, unene unaokaribia ule wa molekuli moja ya mafuta. Franklin hakuipiga hesabu hiyo, nayo ilisubiri zaidi ya miaka mia.

Aliyeanza kupima tabaka hizo kwa umakini hakuwa na maabara. Agnes Pockels alikuwa mwanamke wa Braunschweig, Ujerumani, aliyekuwa akitunza nyumba ya wazazi wake, na udadisi wake ulianzia kwenye maji machafu ya kuoshea vyombo. Alijitengenezea karai la kupimia mvutano wa uso, akamwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, na barua yake ikachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891. Namtaja makusudi, kwa sababu pale uani kuna waliomcheka mama mwenye nyumba kwa kufanya “sayansi ya maji ya kufulia”.

Pipa la maji ya kisima

Hapa nilitaka kipimo, si maoni. Bomba la sindano la famasi, lililoondolewa sindano, linatosha. Unasukuma taratibu na kuhesabu matone kwa kila mililita. Tone hukatika pale uzito wake unapouzidi mvutano unaolishikilia kwenye ncha, kwa hiyo mvutano ukiwa mdogo matone huwa madogo na huwa mengi. Kanuni hiyo ni ya Thomas Tate, ya mwaka 1864. Kama bomba lako linatoa matone 20 ya maji safi kwa mililita, na maji ya sabuni yanatoa 48, zidisha 72 kwa 20 ugawanye kwa 48, unapata 30. Ni kadirio, lakini kadirio la kuaminika kwa kazi ya uani.

Maji ya pipa la mvua yalitoa matone mengi mno kuliko maji safi. Maji ya kisima yenye sabuni ya mche yalitoa karibu sawa na maji safi. Maana yake, kwa upande wa kiluwiluwi, ile sabuni haikuwahi kuwekwa.

Sababu ni madini ya kalisi na magnesi yaliyomo kwenye maji ya kisima. Sabuni ya mche ni chumvi ya sodiamu ya asidi za mafuta. Ikikutana na kalisi, asidi hizo hushikana nayo zikawa kitu kisichoyeyuka, na ndiyo yale mabonge meupe. Chukua maji yenye ugumu, yaani wingi wa madini hayo, wa miligramu 300 kwa lita, kwa kipimo cha kalisi kaboneti, ujaze pipa la lita 200. Kuna gramu 60 humo, na kuzimaliza unahitaji zaidi ya gramu 350 za sabuni kabla gramu ya kwanza haijapata nafasi ya kugusa mvutano wa uso. Dada wa saluni alikuwa amekwangua kipande kisichozidi kidole gumba. Sabuni za unga hutengenezwa kwa kemikali nyingine zisizogandishwa na kalisi kwa urahisi namna hiyo, na huongezwa vitu vya kuudhibiti ugumu wa maji. Kwa hiyo wale wawili walimwaga vitu viwili tofauti kwenye maji mawili tofauti, kisha wakabishana kana kwamba wamefanya jaribio moja.

Nilipomweleza, dada alicheka. “Mwalimu, si ndiyo maana wateja nawaosha nywele kwa maji ya bomba? Hayo ya kisima yanamaliza shampuu.”

Alikuwa analijua jambo lote kwa mikono yake. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kuwa nywele na mbu ni kesi moja.

Kijana wa bodaboda na kichupa chake

Kiuadudu alicholeta ni cha aina inayotengenezwa Kibaha, mkoani Pwani, kwenye kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Kuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Ni dawa nzuri na siungi mkono waliosema imechakachuliwa. Ndani yake kuna bakteria wanaotengeneza fuwele za protini. Kiluwiluwi akila fuwele hizo, huyeyuka kwenye utumbo wake wenye hali ya besi, kinyume cha asidi, na kuutoboa. Neno la kuangalia hapo ni akila.

Baada ya hatua ya kiluwiluwi, mbu hupita hatua ya pupa, yule mwenye kichwa kikubwa na mkia uliokunjika. Katika joto la Dar es Salaam hukaa hivyo siku mbili hivi, na katika muda huo hali chochote. Humlishi sumu mtu aliyefunga. Mbu walioruka kesho yake na keshokutwa walikuwa tayari pupa wakati dawa inawekwa, na wale viluwiluwi waliokuwa karibu kugeuka nao hupunguza kula, ndiyo maana wachache hupenya.

Pupa ana udhaifu mwingine, na uko kwenye uso wa maji. Yeye ni mwepesi kuliko maji kwa sababu amebeba hewa tumboni, chini ya mabawa yanayoota. Hupumua kwa tarumbeta mbili zilizo nyuma ya kichwa, ambazo ndani yake hazilowani, na anapotoka kuwa mbu mgongo hupasuka, mbu akapanda juu ya ganda lake na kusimama na miguu yake juu ya maji hadi mabawa yakauke. Katika maisha yote ya mbu sijui dakika nyingine anayoutegemea mvutano wa uso kwa kiasi hicho. Ushushe mvutano wakati huo, miguu inazama, mabawa yananata majini, kwisha. Kwa hiyo dawa ya kula na dawa ya uso wa maji zinakamilishana: moja inamkuta anapokula, nyingine inamkuta alipoacha kula. Kwa pipa la kisima, ambalo watu huoga maji yake, sikushauri sabuni wala mafuta. Nilishauri maji yachujwe kwa kitambaa kila yanapohamishwa, pupa wabaki kwenye kitambaa, kisha pipa lifunikwe kwa wavu uliofungwa kwa mpira. Ni ushauri usio na mvuto wowote, na unafanya kazi.

Mayai ukutani

Wiki kadhaa baadaye viluwiluwi walirudi kwenye pipa la mvua, na kambi ya vyumba vya mbele ikashangilia kidogo. Pipa lilikuwa limemwagwa na kujazwa upya na mvua ya ghafla. Nilipowatazama walikuwa Aedes, wale ambao wakikomaa huwa na madoa meupe miguuni. Huyu hatagi juu ya maji. Culex hutua juu ya maji na kutaga mayai mia moja hadi mia tatu yaliyoshikana, yakaelea. Anopheles hutaga moja moja, kila yai na maboya yake ubavuni. Aedes hutaga kwenye ukuta wenye unyevu, juu kidogo ya maji, na mayai yake yakikauka yanaweza kuishi miezi. Maji yakipanda yakayafikia, yanaanguliwa. Sabuni inayocheza na uso wa maji haiwezi kuyagusa mayai yaliyo ukutani. Brashi ndiyo dawa, na inabidi kusugua hasa ule mstari ambako maji huishia. Mama alisugua kwa dodoki la chuma na mchanga, akasema angeambiwa mapema asingepoteza omo yake.

Usiku ni kesi nyingine

Kambi mbili zingeweza kubishana mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyeuliza saa. Nilipouliza wanang'atwa lini, jibu lilikuwa kuanzia saa tatu usiku mpaka alfajiri, na mbu waliopondwa ukutani walikuwa wa kahawia, hawana madoa. Hao ni Culex. Aedes wa mapipani huuma mchana, hasa asubuhi na jioni. Yaani mama mwenye nyumba aliwaua mbu halisi kwa njia halisi, ila si wale waliokuwa wakimnyima mtu usingizi. Jiji hili limeshuhudia milipuko ya dengue mwaka 2010, 2014 na 2019, na dengue huenezwa na Aedes. Kazi aliyoifanya ni ya maana kuliko wapangaji walivyoipima. Lakini mtu hapimi afya kwa ugonjwa ambao hakuupata. Anapima kwa muwasho.

Culex walitoka kwenye karo. Na hapo kuna kitendawili kilichonifurahisha: karo hilo hupokea maji ya sabuni kila siku. Vyumba sita vinafua, vinaosha vyombo, vinaoga, na yote huishia humo. Kama sabuni inaua, karo lingekuwa mahali pa mwisho pa kumkuta kiluwiluwi, nalo limejaa. Sehemu ya jibu ni wingi wa maji, kwani ndoo moja iliyozidi nguvu pipani ni kitu kidogo ndani ya karo. Sehemu nyingine ni kwamba sabuni haikai juu peke yake. Inajishikiza kwenye mafuta na uchafu unaoelea humo ndani, ikaisha. Na iliyobaki huliwa na bakteria. Sabuni za unga za zamani zilikuwa haziozi, zikajaza mito ya Ulaya na Marekani mapovu, na katika miaka ya 1960 viwanda vililazimika kuhamia kwenye aina ambazo vijidudu vinaweza kuzimeng'enya. Kitu kilekile kinachoifanya sabuni ya leo isiharibu mto kinaurudishia uso wa maji ya karo mvutano wake, na Culex hahitaji zaidi ya hapo.

Zipo njia za kuufunika uso wa maji ya namna hiyo bila kutegemea kemia. Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo vyenye maji viliwekwa punje za polistirini, ile plastiki nyeupe nyepesi ya povu inayofungashia televisheni, tabaka zima likaelea juu. Kiluwiluwi hapati pa kuchomoza mrija, mbu jike hapati pa kutagia. Pamoja na dawa waliyopewa wakazi, mbu wanaouma walipungua sana na maambukizi ya vimelea vya matende na mabusha yakashuka. Nalipenda sana jaribio hilo. Hata hivyo sikulishauri hapa. Karo la Tabata hufurika masika, na punje zote zingeishia kwenye mtaro na baadaye mto Msimbazi; tena gari la kunyonya likija, linazinyonya pamoja na maji.

Kilichofanyika ni fundi kuziba ufa kwa saruji na kufunga wavu wa chuma juu ya bomba la hewa. Wavu huo unafanya kazi mara mbili: mbu wa nje haingii kutaga, na wa ndani, ambao huelekea kwenye mwanga juu ya bomba, hawatoki. Vyumba vya nyuma vilipata nafuu inayoonekana. Vya mbele vilipata kidogo.

Dimbwi la nyuma ya ukuta

Kijana wa bodaboda alitaka kumwaga oili chafu kwenye dimbwi, dumu zima, amelipata kwa fundi wake bure. Nilimkatalia, na tulibishana kwelikweli. Viluwiluwi wa dimbwi lile walikuwa wamelala sambamba na uso wa maji, yaani Anopheles, kwa hiyo hoja yake kwamba pale ndipo penye malaria ilikuwa nzuri. Lakini upepo wa kusi unavuma pale mchana kutwa, na tabaka la mafuta kwenye maji ya wazi husukumwa upande mmoja likaacha nusu ya dimbwi bila kitu. Oili chafu ina metali na masalia ya injini, na maji ya ardhini pale yako karibu. Tena mafuta hayachagui: wadudu wanaogelea wakiwinda viluwiluwi, wengi wao nao hupanda juu kuvuta hewa, nao hufa. Kuna tabaka maalumu zilizotengenezwa kwa kazi hii, nyembamba mno na zisizo na sumu ya petroli, lakini hata hizo husumbuliwa na upepo.

Kwa maji ya aina hiyo kichupa chake ndicho kilichofaa. Mradi wa jiji wa kudhibiti malaria ulioanza mwaka 2004 ulitumia wakazi wenyewe kukagua madimbwi mtaa kwa mtaa, na kuanzia 2006 viuadudu vya bakteria vikaanza kuwekwa katika kata tatu za mwanzo, kwa kurudiarudia, kwa sababu mbu wapya hutaga kila siku. Kijana akakubali kuweka dawa mpaka dimbwi likauke. Dumu la oili lilirudi kwa fundi.

Wapangaji wa mbele bado wanalala na chandarua na bado wanalalamika. Ukisimama kwenye dirisha lao unaliona bomba la hewa la karo la jirani, mita chache tu ng'ambo ya uchochoro, liko wazi juu, na Culex huruka mita mia kadhaa bila taabu. Mama mwenye nyumba ameshamwambia jirani mara moja kwa upole. Safari hii amempelekea mjumbe habari, pamoja na kipande cha wavu kilichobaki.